Doti za Sabiha binti Zubeiri

Habari hii haina mfalme wala jini, ndugu zangu, na mkikaa kuwangoja mtakesha bure. Ina binti mmoja wa Moa, pipa la magome ya mikoko, na ndoo ya misumari yenye kutu. Aliyenisimulia ni binti mwenyewe, Sabiha, na kila alipoisimulia alianzia kwenye harufu. Magome yaliyolowa siku nyingi, siki ya nazi, kutu ya chuma. Alisema mtu asiyeijua harufu ile hataelewa kwa nini mwenzake Kazija alifanya alichokifanya, naye atamwona mjinga, na Kazija hakuwa mjinga hata kidogo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Sabiha alikuwa ametoka kwao Moa kuja Tanga mjini, kwa mjomba wake Hatibu, nyumba ya Chumbageni. Alikuja kumsaidia mkewe mjomba, Bi Saleha, kazi za nyumbani. Lakini upande wa Mabawa kulikuwa na jumba la maendeleo, na chumba chake cha nyuma Mwalimu Asheri, Mbondei aliyekuwa amesomea uchoraji Kampala, alikigeuza karakana ya kuchora na kuchapa vitambaa. Sabiha alipita pale siku moja na kikapu cha mboga, akachungulia dirishani, na mboga zikachelewa kufika jikoni. Kesho yake zikachelewa tena.

Mjomba Hatibu alikuwa karani wa bandarini, mtu mpole wa kauli na mgumu wa kubadilika. Binti kwenda kukaa chumba kimoja na wanaume, akichezea masizi, halikumwingia akilini. Bi Saleha alimbembeleza mwezi mzima. Mwishowe alikubali, kwa masharti. La kwanza, Sabiha asiende wala asirudi peke yake. Apitiwe na kurudishwa na Kazija, mke wa Massoud, mwanamke wa Kipemba mwenye heshima zake ambaye naye alikuwa akijifunza pale. La pili alilisema mezani, watu wote wakisikia.

"Chiku anaolewa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani," alisema. Chiku ni binti yake. "Kina mama wa chama cha ngoma cha Bi Saleha watavaa nguo zenu siku hiyo. Wakizivaa, utaendelea na karakana yako. Wakizikataa, Jumatatu yake unapanda gari la Moa, na sitaki kuisikia tena habari hii."

Basi hapo ndipo mambo yalipokaa. Kina mama kumi na wawili, doti kumi na mbili. Na doti, kama mjuavyo, ni vitambaa viwili vinavyofanana, kimoja cha kiunoni na kimoja cha kichwani.

Mwalimu Asheri alikuwa na kanuni yake, kwamba kazi ya karakana haina mwenyewe. Mmoja achore, mwingine achonge, wa tatu apike rangi, na atakayesema "hii yangu" atafagia chumba juma zima. Sabiha ndiye aliyechora. Maua na maembe ya dukani aliyaacha, akachora wavu wa dema, ule mtego wa samaki wa fito ambao baba yake Zubeiri alikuwa akiufuma uani kwao Moa, jicho kwa jicho, pembe sita sita. Aliyechonga ni Tadeo, kijana seremala wa Muheza, mwenye mkono uliotulia na ulimi usiotulia. Alikichonga kibao cha mfenesi mpaka ukipitisha kidole hukisikii kinakwaruza. Na rangi ilikuwa ya Kazija, aliyekulia kwenye vyungu vya kutia rangi ukili wa mikeka.

Rangi ile iliwatesa. Walilowesha marikani, kile kitambaa kigumu cha pamba, ndani ya maji ya magome mpaka ikawa ya kahawia kama chai kavu. Halafu walichovya kibao katika maji ya misumari iliyolala ndani ya siki, wakakikandamiza juu ya kitambaa. Maji ya chuma yakikutana na magome hugeuka meusi. Lakini mara ya kwanza weusi ulitambaa kama wino juu ya karatasi iliyolowa, na dema likawa dimbwi. Wakatia uji wa muhogo ili rangi ishike. Ukawa mzito, ukaziba macho ya wavu. Wakaupunguza. Ukaganda. Tadeo akasema uji ule heri wanywe tu, wamalize njaa. Walijaribu mpaka wakapata kipimo, na Kazija hakukiandika popote. Alikijua kwa jinsi uji unavyoteleza kwenye mwiko.

Jumatano kabla ya harusi, kitambaa cha mwisho kilianikwa. Sabiha anasema alisimama uani kwa karakana, nguo zote zikipepea, wavu mweusi juu ya kahawia, kila jicho mahali pake, akajiona tayari amekwisha kubaki Tanga. Mwalimu Asheri hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao msibani, na Sabiha alisikitika kwamba hakuziona.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nguo zilipokauka, zilikuwa bado zinanuka. Si harufu ya kuua mtu, lakini kwenye nguo ya harusi ni aibu. Nguo ya harusi inafukizwa udi, inalazwa na asumini, mtu akikupita ugeuke. Hizi ukipitwa nazo ungedhani umepitwa na nanga. Kazija lilimkera jambo hilo tangu mwanzo. Alhamisi asubuhi alitangulia karakana peke yake, akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa pwani angefanya. Sufuria ikinuka shombo, unaisugua kwa ndimu. Mikono ikinuka samaki, ndimu. Alikamua ndimu karai zima, akatia maji, akachomoa kitambaa kimoja kutoka kila doti, kile cha kichwani, maana hicho ndicho kitakachokuwa karibu na pua. Akavizamisha vyote pamoja, akaenda kununua udi.

Aliporudi, maji ya karai yalikuwa meusi.

Sabiha, siku hiyo aliyeletwa mpaka mlangoni na mtoto wa jirani, alimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha, vitambaa vimelundikana mapajani mwake kama mtoto mgonjwa. Kimoja kilikuwa kimefifia upande, upande wa pili wavu bado upo. Kingine kilikuwa na mabaka kama ukuta uliopigwa na mvua. Vyote kumi na viwili. Ndimu ilikuwa imekula chuma.

Kazija hakulia. Alisema, kwa sauti ndogo, "Nimekupakia gari la Moa, mdogo wangu."

 Sabiha anasema alikuwa na maneno mengi kinywani na yote yalikuwa mabaya, basi alihesabu mikunjo ya kitambaa. Tadeo alipoingia, yeye ndiye aliyeyasema. Alitaka kujua ni nani aliyemtuma Kazija, na kama kule Pemba huwa wanapika nguo kwa ndimu na pilipili. Kisha akamgeukia Sabiha, akamwambia jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulifikiri.

"Mwambie mjomba wako ukweli. Uliyechora ni wewe, niliyechonga ni mimi, kazi yetu ilikwisha jana na ilikuwa safi. Aliyeharibu yuko hapa. Huwezi kurudishwa kwenu kwa kosa la mtu mwingine."

Lilikuwa neno la haki, ukilitazama juu juu. Lakini Sabiha alikuwa amelifuata mpaka mwisho wake. Kazija akitajwa, Massoud mumewe atasikia mkewe ameharibu harusi ya watu, naye hatamruhusu kurudi. Na Kazija asipokwenda karakana, Sabiha hana wa kumpitia. Mlango ni ule ule, ukifungwa na mjomba au ukifungwa na Massoud. Na juu ya hayo yote kulikuwa na Kazija mwenyewe, amekaa pale chini, hajiteti.

"Mwalimu alisema kazi haina mwenyewe," Sabiha alimwambia Tadeo. "Hakusema ni ikiwa nzuri tu."

Tadeo alivuta pumzi puani, akaenda kuchukua kibao chake. Hakuridhika, lakini hakuondoka.

Shauri lake la kwanza lilikuwa kuchapa upya juu ya pale pale. Walijaribu kitambaa kimoja. Kibao hakikukaa juu ya alama za zamani, kikapotoka kidogo tu, na nyavu zikawa mbili mbili, kama aonavyo mtu mwenye homa. Tena weusi haukutaka kushika, ukatoka kijivu. Kazija akainuka hapo, mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema ndimu bado imo ndani ya nyuzi. Akakoroga maji ya majivu, akakisuuza, na weusi ukaanza kurudi. Lakini nyavu mbili zikabaki mbili.

Magome mapya hayangewahi. Marikani nyingine hawakuwa nayo. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa, na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, mjomba Hatibu alikuwa ameahidi kupita kutazama.

Sabiha akachukua kitambaa chenye mabaka mabaya kuliko vyote, akakirudisha ndani ya ndimu. Tadeo akauliza kama wazimu ule unaambukiza. Sabiha alikiacha humo, akikigeuzageuza, mpaka mabaka yote yakalingana na wavu ukabaki kivuli tu, njano juu ya kahawia, kama alama ya jamvi kwenye ngozi ya mtu aliyelala. Akakisuuza kwa majivu. Akakitandaza. Kilikuwa kimetulia, lakini kilikuwa kimya mno. Nguo kama ile mtu huvaa akienda kisimani.

"Hapa pana maji," Sabiha alisema, akikitazama. "Vile vingine ni dema. Hiki ni maji. Kinakosa samaki."

Wakavizamisha na vile kumi na kimoja vilivyobaki, hata kile cha nyavu mbili, wakavisuuza. Kuchonga kibao cha mfenesi ni kazi ya siku kadhaa. Lakini jikoni kwa mlinzi wa jumba kulikuwa na mihogo mibichi. Waliikata vipande, kila mmoja akachukua kisu, akachonga samaki wake kwenye uso wa muhogo. Wa Tadeo alikuwa mnene, na magamba yamepangwa kama vigae. Wa Kazija alikuwa mwembamba, mkia umepinda. Wa Sabiha alikuwa na jicho kubwa kupita kiasi. Tadeo alitaka wachague mmoja, kwa kuwa sare ni sare, hakuna samaki watatu katika sare. Sabiha akamwambia muhogo unalainika upesi, samaki mmoja hatafika kitambaa cha tatu. Wakakubaliana kila mmoja achape wake, na kila kitambaa kipate samaki wote watatu, mahali pale pale. Walichapa kwa maji yale yale ya misumari, Alhamisi mpaka jioni, na Ijumaa asubuhi wakaendelea. Muhogo ulipochakaa waliukata, wakachonga tena.

Mjomba Hatibu alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akasimama mlangoni. Shikamoo zikaamkiwa, marahaba zikaitikiwa. Alitazama nguo za wavu mweusi, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika. Kisha akaona zile nyingine.

"Na hizi za nani?"

"Ni hizo hizo, mjomba," Sabiha alisema. "Ni za kichwani. Tuliziharibu kwa ndimu, tukazitengeneza."

"Nani aliyeziharibu?"

Kazija alifungua kinywa. Sabiha akawahi. "Sisi watatu."

Mjomba aliwatazama, mmoja mmoja. Hakuwa mtu wa kudanganywa kwa urahisi, na karai la ndimu lilikuwa bado pale ukutani. Tadeo alikuwa ameinamisha macho, lakini alisema, ndiyo mzee, sisi watatu. Mjomba akajibu kwamba yeye si mvaaji. Watakaoamua ni wanawake, na neno lake la Jumatatu liko pale pale. Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Jumamosi alasiri kina mama walijaa uani kwa Bi Saleha. Sabiha na Kazija walifungua furushi.  Bi Salme, mwanamke mwenye mdomo wa kuchoma maandazi, alinyanyua kitambaa cha dema akauliza kama wanapelekwa harusini au kivukoni. Mwenzake akamjibu kwamba bwana harusi ndiye atakayenaswa, wao wanabeba mtego tu. Wakacheka. Bi Salme akageukia samaki, akataka kujua huyu mnene ni nani. Sabiha akasema amechongwa na fundi Tadeo. Bi Salme akasema basi fundi Tadeo anakula vizuri. Wakacheka tena, na Sabiha akaanza kupumua.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Saleha. Alikuwa ameshika vitambaa viwili vya doti moja, mkono huu wavu, mkono huu samaki, akivilinganisha kama mtu anayepima vitu visivyolingana.

"Nguo nzuri," alisema. "Sitazivaa."

 Bi Saleha alieleza taratibu, wala hakumtazama Sabiha. Doti haitenganishwi. Nguo ya juu na ya chini ni mke na mume, zinakatwa pamoja, zinavaliwa pamoja, zinafanana. Yeye ni mama wa bibi harusi. Hawezi kumsindikiza mwanawe kwa mumewe amevaa doti iliyoachana. Watu watasema nini, na hata wasiposema, yeye mwenyewe moyo wake utasema nini Chiku akigombana na mumewe mwaka ujao? Wanawake wakaguna. Hata Bi Salme alikunja kitambaa akakirudisha. Jambo lile hapakuwa na wa kulibisha, maana wote walilijua, na Sabiha alilijua pia. Alikuwa amefikiri rangi na samaki na majivu, akasahau lile ambalo kila mtoto wa pwani analijua.

Kazija alianza kukusanya nguo. Sabiha anasema mikono ya Kazija ilikuwa ikikunja kwa mazoea tu, wavu juu ya wavu, samaki juu ya samaki, kama mtu anavyopanga nguo zinazofanana. Palitokea marundo mawili.

Sabiha aliyatazama. Akachukua vitambaa viwili vya wavu, akampa Bi Salme. Akachukua viwili vya samaki, akasimama navyo mbele ya mkewe mjomba.

"Bi Saleha, hizi hazijaachana," alisema. "Mnapocheza mnasimama safu mbili. Safu moja dema, safu moja samaki. Kila mtu na doti yake kamili."

Bi Saleha alizipokea, akazilinganisha. Zililingana. Hapo tena ikazuka kazi nyingine, ndugu zangu, maana sasa kila mmoja alitaka dema. Nguo nyeusi zilikuwa na shani, na hakuna aliyetaka kusimama safu ya waliofifia. Mmoja alisema yeye mweusi, zile zitamfanya zaidi. Mwingine alisema yuko tayari kuvaa samaki ila kwanza aone nani mwenzake. Rundo la samaki lilibaki pale pale, na Sabiha akaliona gari la Moa likiwasha moto.

Bi Saleha alikuwa bado ameshika ile aliyopewa. Aliivua kanga ya nyumbani aliyokuwa nayo begani, akajifunga moja ya samaki kiunoni juu ya gauni, akajitanda ya pili kichwani, akaivuta mbele karibu na pua. Alinusa.

"Inanukia ndimu," alisema. "Nani anasimama na mimi?"

Mama wa bibi harusi akisimama, nani atakaa? Bi Salme aliirudisha dema yake akachukua samaki. Dakika chache baadaye walikuwa wakigombea samaki, na Bi Saleha ilimbidi awapangie mwenyewe.

Sitawaambia kwamba mji mzima ulistaajabu. Chama cha upande wa pili kiliwakuta njiani Jumapili kikawaimbia kwamba wamekosa nguo za kutosha wakaazima kwa jirani. Bi Salme aliwajibu kwa wimbo ambao Sabiha alikataa kuniimbia. Lakini walicheza kutoka Chumbageni mpaka nyumba ya bwana harusi, safu mbili, dema wakisogea na samaki wakirudi nyuma, kisha samaki wakisogea na dema wakirudi, na hakuna aliyevua doti yake.

Jumatatu asubuhi Sabiha alikuwa amekwisha funga nguo zake katika furushi, maana mjomba hakuwa amesema neno. Mjomba mwenyewe alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Kazija alikuja kuamkia, akasimama kando, hajui kama amekuja kumchukua mwenzake au kumuaga.

Mjomba Hatibu alimaliza kahawa. Akamwuliza Kazija jioni huwa wanamaliza saa ngapi. Kazija akasema saa kumi na moja, alasiri ikiwa imekwisha.

"Basi mrudishe saa kumi na moja, mwanangu," alisema mjomba. "Na mkienda, mpitie sokoni mnunue mihogo yenu. Yule mlinzi amekuja kwangu kulalamika."